Mzee Wetu Aliyelala Liuli



Kila mwaka, inapokaribia tarehe 2 Novemba, Siku ya Marehemu Wote, nyumba zetu za Kikristo huandika majina. Karatasi hutolewa, mmoja anayejua kuandika vizuri hukaa chini, na wengine humtajia. Babu fulani. Shangazi fulani. Mtoto aliyefariki kabla ya kutembea. Na karibu katika kila nyumba kuna jina la bibi mmoja ambalo likitajwa watu hunyamaza kidogo, kwa sababu bibi huyo ndiye aliyelisha watu wote. Alipika usipa kwa watu watano wakala kumi. Kanga yake mpya aliivaa mara moja, kisha ikaonekana kwa jirani aliyefiwa. Bibi wa namna hiyo hasahauliwi, maana ameacha watoto na wajukuu wa kulitaja jina lake mbele ya altare.

Lakini je, asiye na mtoto atatajwa na nani? Kwetu jambo hili ni zito. Wazee wetu walimwonea huruma mtu aliyekufa bila kuzaa, wakisema jina lake limefika mwisho wa njia. Kwa sababu hiyo mwaka huu tumeona vema tuandike katika kurasa hizi habari za mzee mmoja asiye na ukoo katika pwani hii, asiyeoa wala kuzaa, ambaye hata hivyo amelala katika udongo wetu pale Liuli tangu Oktoba 1928. Huyo ni William Percival Johnson, Arkidikoni wa Nyasa. Wengi wetu tumelisikia jina lake tangu utoto. Vijana wengine wanajua tu kwamba kuna kaburi la Mzungu. Tukiacha hivyo, baada ya miaka michache litabaki jiwe, na habari zake zitakuwa zimekwisha.

Alivyotoka kwao

Johnson alizaliwa tarehe 12 Machi 1854 huko Uingereza, katika kisiwa cha Wight kilichoko kusini. Alisoma shule katika mji wa Bedford, kisha akaingia chuo kikuu cha Oxford. Kijana aliyesoma hivyo wakati ule alikuwa na njia nyingi mbele yake, na yeye alielekezwa kwenye kazi ya serikali huko India, kazi ya mshahara mzuri na heshima kubwa. Ndugu zake wangeweza kumtegemea.

Wakati huo Askofu Edward Steere, yule aliyefanya kazi kubwa ya kukiandika Kiswahili na kutafsiri Maandiko, alikuwa akitafuta watu wa kwenda naye Afrika katika Misheni ya Vyuo Vikuu, ambayo wazee wetu waliizoea kwa jina la UMCA. Johnson alikuwa na rafiki chuoni, Chauncy Maples. Vijana hawa wawili waliitika. Johnson aliiacha njia ya India, na katika mwaka 1876 akafika Unguja, akiwa na miaka 22.

Misheni ile haikuwalipa watumishi wake mshahara kama wa serikali. Walipewa chakula, mahali pa kulala na fedha kidogo ya matumizi. Na waliokuja hawakuahidiwa kurudi, kwa maana homa ya malaria na kuhara damu viliwamaliza wengi kabla hawajatimiza miaka mitatu. Johnson alijua hayo alipopanda meli.

Watu waliopotewa na ukoo

Kazi yake ya kwanza bara ilikuwa na watu ambao nao walikuwa wamepotewa na jamaa zao. Merikebu za Kiingereza zilikuwa zikiyakamata majahazi ya watumwa baharini, na waliookolewa walipelekwa Unguja, wengine wakatunzwa na Misheni. Wengi wao walikuwa Wayao, Wanyasa na Wamakua, waliotekwa katika nchi hizi hizi za kwetu na kupelekwa Kilwa kwa miguu. Katika Oktoba 1876 Askofu Steere aliondoka na kundi la watu hao, wake kwa waume, kupitia Lindi, kwa nia ya kuwarudisha kuelekea ziwani walikotoka. Walipofika Masasi wakaona nchi ni nzuri, maji yapo, na pale wakajenga. Askofu aliporudi Unguja, Johnson ndiye aliyeachwa kuwaangalia.

Tufikirie hali ile. Kijana asiye na mke wala mtoto, yuko katikati ya watu ambao mama zao hawajulikani waliko. Hakuna aliyekuwa na mjomba wa kumposea wala shangazi wa kumlilia. Pale Masasi walilazimika kuwa jamaa wao kwa wao, na kanisa likawa ndiyo ua wa nyumba yao. Sisi twaamini kwamba ni pale Johnson alipojifunza kwamba jamaa haipatikani kwa damu peke yake. Alipewa ushemasi mwaka 1876 na ukasisi mwaka 1878, na Maples alikuja kuungana naye huko bara.

Hata hivyo moyo wake ulikuwa kwenye ziwa. Alikwenda Mwembe, mji mkubwa wa Mataka, mfalme wa Wayao, akakaa huko miezi mingi akifundisha na kujenga. Alipokelewa vizuri. Ndipo msafara wa watumwa wa watu wa Mataka ulipokamatwa huko pwani, na watu wakasema Mzungu huyu ndiye aliyetoa habari. Nyumba yake ikaporwa, naye akafukuzwa. Ilikuwa mwaka 1881. Mtu mwingine angeona ametendewa ubaya akarudi kwao. Johnson alirudi Masasi kutafuta njia nyingine ya kufika alikotaka.

Kaburi la Chia

Aliipata njia hiyo pamoja na padre mwenzake, Charles Janson. Walitembea wawili hao na wapagazi wao mpaka wakaliona ziwa mwanzoni mwa mwaka 1882. Lakini Janson alikuwa mgonjwa, na katika Februari akafa huko Chia, kwa mfalme Chiteji, pwani ambayo leo ni Msumbiji. Johnson akamzika mwenzake mchangani, akabaki peke yake.

Hapo yatupasa tusimame kidogo. Ziwa letu lina urefu unaozidi kilometa 550. Wakati ule lilikuwa njia ya watumwa. Majahazi yalivuka kutoka Kotakota, ng'ambo ya magharibi, yakashusha watu upande huu wa mashariki, na kutoka hapo misafara ikaenda Kilwa. Kutoka mlimani Wangoni walishuka kuteka watu na chakula, hata huko kaskazini watu wakajenga nyumba zao juu ya nguzo ndani ya maji ili walale salama. Katika nchi ya hofu namna hiyo, mgeni ni mtu wa kushukiwa. Na huyu alikuwa hana askari, hana bidhaa nyingi, na mwenzake amekufa.

Aliishije? Aliishi kwa kulishwa. Jambo hili halisemwi mara nyingi, nasi tumeona ni lazima lisemwe. Tunaposimulia habari za wamisionari tunataja walichotuletea: shule, dawa, Injili. Ni haki. Lakini katika miaka ile ya kwanza mgeni huyu alikwenda kijiji kwa kijiji kwa mtumbwi na kwa miguu, na jioni alipofika, kulikuwa na mwanamke aliyeongeza maji chunguni. Ugali wa muhogo aliokula ulitwangwa na mikono ya mama zetu. Mkeka aliolalia ulisukwa na watu wa hapa. Wanaume wa hapa ndio waliopiga kasia wakati upepo wa mwera ulipochafua ziwa. Majina ya wengi wao hayakuandikwa popote. Kabla hajawa mkarimu kwetu, yeye mwenyewe alikirimiwa, naye hakuona haya kukirimiwa. Ndiyo njia ya kwanza ya kuwa jamaa ya watu.

Macho na meli

Johnson aliona kwamba vijiji vyote vya ziwa viko ufukoni, na barabara ya kuviunganisha ni maji yenyewe. Akaomba meli. Alirudi Uingereza mwaka 1884 kuitafutia fedha, nazo zikapatikana. Meli ile ilipewa jina la Charles Janson, yule aliyelala Chia. Ilisafirishwa vipande vipande, ikapandishwa mto Zambezi na mto Shire, na pale penye maporomoko ikachukuliwa na wapagazi vichwani. Iliunganishwa Matope, ikabarikiwa mwaka 1885. Katika mwaka huo huo Misheni ilipata makao katika kisiwa cha Likoma, ambako baadaye lilijengwa lile kanisa kuu la Mtakatifu Petro.

Katika shughuli hizo za meli Johnson alipatwa na ugonjwa mkali wa macho. Alikaribia kuwa kipofu kabisa. Waganga wa Ulaya walijitahidi, lakini jicho moja likapotea moja kwa moja, na la pili likabaki na nuru kidogo tu. Alikuwa bado kijana wa miaka thelathini na kitu. Padre asiyeona vizuri, katika nchi ya njia za miguu na mawe na mamba, nani angemlaumu kama angebaki kwao akisaidia kwa sala?

Alirudi. Akafanya kazi zaidi ya miaka 40 kwa nuru ile ndogo ya jicho moja. Alisoma akiwa ameukaribisha ukurasa usoni. Na katika hali hiyo akafanya kazi ambayo wenye macho mawili wangeiogopa: alitafsiri Biblia nzima kwa Kinyanja, ikatoka mwaka 1912. Alitafsiri pia Maandiko kwa Kimpoto, lugha ya wazee wa sehemu zetu za Liuli na Lituhi. Hakuifanya peke yake. Walikaa naye walimu na vijana wa hapa, wakimsahihisha, wakimwambia kwamba neno hili kwetu husemwa hivi. Leo ibada zetu ni kwa Kiswahili, na vijana wengi hawawezi kukisoma kile Kinyanja. Lakini kulikuwa na bibi katika pwani hii ambao Neno la Mungu walilisikia kwanza katika maneno waliyoimbiwa na mama zao mgongoni. Mtu wa jamaa husema nawe kwa lugha ya nyumbani.

Kutoa na kupoteza

Katika mwaka 1895 rafiki yake wa ujana, Chauncy Maples, alifanywa Askofu wa Likoma. Alikuwa anarudi kutoka Uingereza baada ya kuwekwa wakfu, ana haraka ya kufika. Usiku wa tarehe 2 Septemba dhoruba iliipindua mashua yake upande wa kusini wa ziwa, naye akazama. Amezikwa Kotakota. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, padre mwenzao George Atlay alikuwa ameuawa na Wangoni katika pwani ya mashariki. Johnson aliyekuja Afrika na rafiki akabaki bila rafiki yule. Mwaka 1896 akawekwa kuwa Arkidikoni wa Nyasa, kazi ambayo kwake ilikuwa na maana moja: kuendelea kuzunguka.

Meli kubwa zaidi ilishushwa ziwani mwaka 1901, ikaitwa Chauncy Maples. Angalieni desturi hii. Meli mbili, na zote mbili zina majina ya marehemu. Kila zilipopiga honi mbele ya kijiji, majina ya wale waliokufa bila watoto yalitajwa tena na watoto waliokimbilia ufukoni. Watu wa Misheni waliwakumbuka wafu wao kwa kuwapa kazi ya kufanya.

Yeye mwenyewe hakuwa na makao. Alishuka hapa akatembelea shule, akabatiza, akasikiliza maungamo, akapanda tena. Mavazi yake yalikuwa makuukuu. Chakula chake kilikuwa kile kilichopatikana, na kitanda chake kilikuwa sakafu ya mashua au mkeka wa mwenyeji. Alichopewa kilipita mikononi mwake kama maji. Wenzake walihangaika kwa ajili ya mwili wake, kwa maana yeye hakuhangaika nao. Tusimfanye malaika. Mtu asiyejihurumia huwapa taabu wanaofuatana naye, na walioandamana naye walijua uchovu wa safari zake. Mambo ya utaratibu na vyombo hayakuwa kipaji chake. Lakini nani kati yetu ana bibi mkarimu ambaye hakuwahi kuwatia hasira wanawe kwa kugawa hata kile kilichowekwa kwa kesho?

Uzao wake

Tulisema kwamba hakuzaa. Basi tuwaangalie wachache.

Augustine Ambali alikuwa ametekwa utumwani akiwa mtoto, akaokolewa, akafundishwa Kiungani huko Unguja, kisha akaja ziwani katika miaka ile ya 1880 kuwa mwalimu. Baadaye alipewa ukasisi, akaandika hata kitabu cha habari za miaka yake ya utumishi. Yohana Abdallah, Myao, akawa kasisi mwaka 1898, akafanya kazi Unangu, katika nchi ile ile ya Wayao ambako Johnson alikuwa ameporwa na kufukuzwa. Aliwaandikia Wayao historia yao kwa Kiyao, ikachapwa mwaka 1919.

Na Leonard Kamungu. Huyu alitoka Chia, pale pale Johnson alipomzika Janson. Alipewa ukasisi mwaka 1909, kisha akajitolea kwenda mbali, katika nchi ambayo leo ni Zambia, kuwapelekea wengine Injili. Akafa huko Msoro mwaka 1913. Mwaka 1882 pale Chia lilibaki kaburi moja na mtu mmoja mwenye huzuni. Kutoka kijiji hicho hicho akatoka mmisionari Mwafrika aliyeutoa uhai wake kwa ajili ya watu wasio ukoo wake. Kama huo si uzao, hatujui uzao ni nini.

Bendera zilizobadilika

Vijana wengine huuliza, na ni haki yao kuuliza: huyu hakuja pamoja na watawala? Tujibu kwa kweli. Alifika ziwani kabla ya bendera ya Wajerumani kutwekwa katika pwani yetu. Watawala walipokuja waligawana ziwa: Wajerumani huku, Wareno kusini kwetu, Waingereza ng'ambo. Mipaka ilikatwa katikati ya jamaa. Hatuwezi kusema Misheni ilisimama nje ya mambo hayo, maana Wazungu wote walitazamwa kwa jicho moja, na milango iliyofunguliwa na watawala iliwafungukia wamisionari pia. Nchi hii ilipata uchungu wa Maji Maji mwaka 1905 hadi 1907, na wazee wa Kingoni wakanyongwa Songea mwaka 1906.

Kisha ikaja vita ya Ulaya. Liuli wakati ule Wajerumani waliiita Sphinxhafen, kwa sababu ya lile jabali la bandarini linalofanana na sanamu ya kale ya Misri. Katika Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia hapo meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Watu hueleza jambo hilo kama kichekesho, kwa kuwa manahodha wale wawili walikuwa marafiki. Lakini vita haikuwa kichekesho kwa waliochukuliwa kuwa wapagazi, wala kwa waliobaki na njaa.

Vita ilipokwisha, Johnson alikuwa mzee wa miaka zaidi ya 60. Angeweza kwenda kupumzika. Chuo cha Oxford kilikuwa kimempa shahada ya heshima ya Udaktari wa Theolojia. Angekuwa na kiti karibu na moto na watu wa kumsikiliza. Badala yake alikuja Liuli, kwetu, akajenga tena kanisa na jamaa ya waamini katika pwani iliyochoshwa. Bendera ilikuwa imebadilika, yeye akabaki na kazi ile ile ya kuzunguka vijiji. Ni katika miaka hiyo alipoandika kitabu cha habari za ziwa, kilichotoka mwaka 1922, na kingine cha kumbukumbu zake, mwaka 1924.

Alifariki Liuli katika Oktoba 1928, mwenye umri wa miaka 74. Alikuwa amekaa Afrika miaka 52, na kati ya hiyo 46 aliitumia katika ziwa hili. Hakupelekwa kwao kuzikwa. Kwao palikuwa hapa.

Jina la kuandika

Sasa Liuli iko katika wilaya ya Nyasa, iliyotengwa na Mbinga mwaka 2012. Kabla ya hapo palikuwa makao ya kwanza ya Dayosisi ya Kusini Magharibi, iliyoanzishwa mwaka 1952, na tangu mwaka 1971 sisi tu Dayosisi ya Ruvuma. Hospitali ya Mtakatifu Anna imetibu watu wetu vizazi kwa vizazi. Watu huja kuhiji kwenye kaburi la Arkidikoni, nasi twafurahi kuwapokea. Lakini kaburi kuzuriwa ni jambo moja, na marehemu kuwa wa nyumba ni jambo jingine. Mgeni huzuru kaburi, akapiga picha, akaenda zake. Mwenye marehemu hulifagia kaburi, hung'oa majani, na humtaja katika sala za jioni bila kukumbushwa na mtu.

Kwa hiyo tuna maombi mawili kwa nyumba zetu mwaka huu.

La kwanza: mtakapoandika karatasi ya marehemu, baada ya babu na bibi zenu wa damu, mwandikeni na William Percival. Msiandike cheo chake. Mwandikeni kama mnavyomwandika mzee wa nyumbani. Hakuacha mtoto wa kulifanya hilo, basi mtoto huyo na awe kila mmoja wetu. Na chini ya jina lake andikeni hivi: na wale waliomlisha. Mungu anayajua majina yao, nao ni bibi zetu.

La pili ni gumu zaidi. Katika kila mtaa wetu yuko mtu asiye na wa kumwandika. Yuko mama mzee ambaye wanawe wamekufa wote. Yuko mtu aliyekuja kutoka mbali kuvua samaki au kuchuma kahawa huko Umatengo, akaugua, akabaki, na hakuna anayejua kwao. Akifa tutamzika, maana desturi yetu haimwachi maiti. Lakini tusingoje afe ndipo awe wetu. Mtu huwa jamaa kwa sahani. Anza kumwekea sahani sasa, kama ile iliyowekwa mbele ya kijana mgeni katika mwaka 1882, mwenye huzuni, ambaye hakuna aliyejua angekuwa nani kwetu.

Bwana ampe mzee wetu pumziko la milele, pamoja na Charles, Chauncy, Augustine, Yohana na Leonard, na mama zetu wote waliotwanga, wakapika, wakagawa. Nasi atupe neema ya kukumbukwa kwa jambo hilo hilo.

Amina.